Mama Mkwe na Maji ya Bamvua

Kwa wakwe zangu Kahama, mama mkwe hagusani na mkwe wake wa kiume. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana kwenye kijia chembamba, mkwe ndiye anayeingia kwenye majani. Kuongea wanaongea, lakini maneno yanapitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wameketi sebule moja. Mimi ni mtoto wa Temeke, ambako mama mkwe anaweza kukukuta kituo cha daladala akakukunja kola mbele ya makonda, kwa hiyo utaratibu huo niliupokea kwa mikono miwili.

Basi mke wangu akajifungua huku Kilwa Masoko tunakoishi, na Mama akaja kumwona mjukuu. Alishuka kwenye basi na binti yake wa mwisho, shemeji yangu wa kidato cha pili, pamoja na furushi lililomtoa jasho utingo. Nikajua tumeletewa mchele. Kumbe vitenge na kanga. Mama ana meza yake sokoni, na msimamo wake ni kwamba mfanyabiashara hasafiri mikono mitupu, nauli lazima ijirudishe.

Alimwogesha mjukuu, akamkanda, akamnyoosha viungo mpaka mtoto na mama yake wote wakawa hoi. Mke wangu, ambaye alikuwa anatafuta usingizi kwa udi na uvumba, akanitazama jicho ambalo waume wenzangu mnalijua. "Baba Nani, mpeleke Mama Kisiwani akaone magofu." Shemeji akapangwa kuwa mkalimani, ingawa sote watatu tunaongea Kiswahili.

Kwenda Kilwa Kisiwani hukurupuki tu. Unapitia ofisi pale Masoko, unalipa kiingilio, unapata stakabadhi na mwongozaji. Wa kwetu alikuwa kijana mzaliwa wa Kisiwani, mpole, mwenye kofia ya kiua na sauti ya madrasa. Nahodha wa boti yeye hakuwa na upole wowote. "Leo bamvua," alisema hata kabla hatujakaa. "Maji yanatoka sasa hivi, na yakitoka yanatoka kwelikweli. Nawashusha Gereza, kwenye ile ngome, mnatembea, saa tatu nawachukua chini ya lile jumba la Husuni Kubwa. Saa nne pale hakuna bahari, kuna tope. Tumeelewana?"

Tuliitikia wote isipokuwa Mama, ambaye alikuwa ameshika furushi kwa mikono yote miwili, macho kafumba. Alikuwa hajawahi kupanda chombo cha majini maishani.

"Shemeji, mwambie Mama furushi angeliacha kwenye boti."

Jibu likarudi: "Mama anauliza, mkwe mshahara wake huwa anauacha kwenye boti?"

Furushi likashuka nasi. Nililibeba mimi.

Pale Gereza kijana akaanza somo lake. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome hapo ufukweni, na jengo tunaloliona leo ni kazi ya Waomani waliokuja kujenga upya baadaye. Mama akatazama kuta, akauliza kama ndani kuna kivuli, akapita.

Msikiti Mkuu ndio uliomnyamazisha. Ukiingia pale asubuhi, jua likiwa bado la pembeni, ile misitu ya nguzo na matao inakupeleka macho mbali, na juu makuba yamejipanga. Kijana akaeleza kwamba sehemu ya nyuma ni ya tangu karne ya 11, na upanuzi mkubwa wenye makuba ulifanywa karne ya 14. Mawe ya matumbawe kutoka baharini, chokaa ya matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Mama akapeleka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Halafu akamnong'oneza shemeji, na shemeji akanifikishia: "Mama anasema ile nyumba ya kwenu ya saruji, yenye nyufa, fundi wake alitoka wapi?"

Nikawaomba tuendelee.

Chini ya mbuyu kijana akatoa hadithi ya mwanzo wa mji, na hapo ndipo siku yetu ilipochukua njia nyingine. Alisimulia vizuri kabisa: Ali bin Hassan, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, alifika akamkuta mwenye kisiwa, akataka kununua. Mwenye kisiwa akasema bei yake ni nguo za kuzungushia kisiwa kizima. Ali akazitandaza nguo ufukweni mpaka zikakutana, akakabidhiwa kisiwa. Zamani hizo maji yakikupwa mtu aliweza kuvuka kutoka bara kwa miguu, na Ali, akihofia yule bwana atabadili mawazo, akachimba mkondo ili watu wasivuke tena.

Watalii wengine hapo hupiga picha. Mama aliketi chini, akafungua furushi.

"Kijana," alisema, safari hii bila mkalimani, maana mwongozaji si mkwe wake, "hizo nguo zilikuwa za upana gani?"

"Historia haijasema, Mama."

"Hazichuji?"

"Haijasema pia."

Mama akachukua kijiti akaanza hesabu mchangani. Doti moja ya kanga, mita tatu. Kilomita moja peke yake inakula doti zaidi ya 300. Na kisiwa kina kilomita ngapi kwa mzunguko, na kona zake, na vile vighuba vya mikoko, je, nguo ilipita nje ya mikoko au ndani? Kijana wa watu, ambaye hadithi hiyo ameisimulia kwa Wajerumani na Wajapani bila shida yoyote, alianza kupangusa jasho. Mama akafikia uamuzi kwamba yule mwenye kisiwa alipigwa. Mzigo wote ule kwa mkupuo mmoja ni bei ya jumla, na ardhi haiuzwi bei ya jumla.

Kijana akajaribu kuokoa jahazi kwa kumtaja sultani mkarimu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita hapa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Siku moja akitoka kuswali Ijumaa, fakiri kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili, akamtolea. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na Sultani, aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mama alinyamaza kidogo. "Suti moja kuukuu?"

"Ndiyo, Mama."

"Huu mji," Mama alisema huku akisimama na kujipangusa mchanga, "unapenda nguo."

Mnaweza kukisia kilichofuata. Njia ya kwenda Husuni Kubwa inapita kijijini, na kijijini kulikuwa na kina mama wamekaa barazani wanasuka ukili. Mama akawasalimia, akakaribishwa, akakaa, na baada ya dakika chache vitenge vilikuwa vimetandazwa kwenye mkeka na mwanamke mmoja ametumwa kumwita mwenzake nyumba ya tatu. Kijana aliniangalia. Mimi nikamwangalia shemeji. Shemeji alikuwa anarekodi video.

"Shemeji, mwambie Mama maji yanatoka."

"Mama anasema na wateja wanatoka wapi?"

Kina mama wa Kisiwani si watu wa kuchezea kwenye bei. Walipunguza, Mama akapandisha, wakapunguza, Mama akajifanya anafunga furushi, nao wakajifanya wanarudi kwenye ukili. Nikikumbuka kwamba mji huu ulitajirika kwa kukaa katikati ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na nguo na kauri za ng'ambo, na ukapiga sarafu zake wenyewe za shaba, nadhani pale barazani niliona biashara ya Kilwa ilivyokuwa kuliko magofu yote yanavyoweza kuonyesha. Lakini wakati ule sikuwa nafikiria Sofala. Nilikuwa nafikiria nahodha.

Husuni Kubwa tulifika saa nne na nusu. Kwa haki yake, jumba lile lilistahili siku nzima: vyumba zaidi ya 100 juu ya mwinuko, birika la kuogea lenye pembe nane, ua mpana upande wa kusini ambao wataalamu wanasema ulikuwa wa shughuli za biashara na ghala. Mama alipita kwenye birika haraka haraka lakini uani akasimama, akatikisa kichwa kwa heshima. Mfalme mwenye stoo ndani ya nyumba, huyo alikuwa anajitambua.

Kisha tukashuka ngazi kuelekea baharini, na bahari haikuwepo.

Badala yake kulikuwa na tope la kijivu, mizizi ya mikoko, kaa wanakimbizana, na mbali kabisa, kwenye ukingo wa maji, boti yetu na nahodha aliyekaa juu yake kakunja mikono. Hata kwa umbali ule ulimwona kanuna.

Kijana akapendekeza turudi kwa miguu hadi Gereza, kule mchanga ni mgumu. Mama akatazama njia tuliyotoka, akatazama jua, akatazama boti. "Mjukuu wangu anaoga saa sita," alisema, akavua kandambili, akaingia.

Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri. Katikati, tope likabadilika. Mama ni mtu mwenye mwili wake, namshukuru Mungu kwa hilo, na mguu wa kulia ulizama mpaka gotini, wa kushoto ukafuata kwenda kuuliza kulikoni. Akasimama. Akajaribu kutoka, akazama zaidi. Kijana akamkimbilia, akamshika mkono, akavuta, na kilichotoka ni kijana mwenyewe, kutoka kwenye viatu vyake, chali.

Sasa watu wawili walihitajika, na mtu wa pili nilikuwa mimi. Nilisogea mpaka hatua chache hivi, nikasimama mikono nyuma kama mlinzi wa benki. Mama akanitazama. Mimi nikatazama mikoko. Ni mara ya kwanza tulikaribiana kiasi kile bila mlango kati yetu.

"Shemeji!" niliita. "Muulize Mama nifanyeje!"

Shemeji hakujibu. Alikuwa ameinama, simu mkono mmoja, tumbo mkono mwingine, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mkalimani tukawa hatuna.

Mama akauelekezea mti wa mkoko ulioko kati yetu: "Wewe mkoko. Mwambie huyo mtu afungue furushi."

Nikafungua. Mpango wake ulikuwa safi: kitenge kinapitishwa kwapani, kinazunguka mgongoni, ncha moja anashika kijana, nyingine nashika mimi. Kitambaa kinavuta, mkwe hagusi. Nikatoa doti iliyokuwa juu.

"Mkoko! Mwambie hiyo ni waksi! Achukue ile ya chini, ya bei rahisi!"

Nikachukua ya bei rahisi. Tukahesabu moja, mbili, tatu, tukavuta, na kitenge kikachanika kwa mlio uliosikika mpaka kwenye boti. Mimi na kijana tukaanguka kila mmoja upande wake. Mama, akiwa amezama sasa karibu na mapaja, alitoa hukumu juu ya kile kitenge, na juu ya mtu aliyemuuzia Kariakoo, na juu ya ukoo wa mtu huyo. Kisha akapumua, akafumba macho kama mtu anayetia sahihi.

"Waksi," alisema.

Waksi ikashika. Alitoka kwa mlio mnene, akatutangulia kwenye boti huku kavaa tope mpaka kiunoni, kandambili mkononi, na hakugeuka nyuma. Nahodha alikuwa na hotuba yake ameiandaa tangu saa tatu. Alimwona Mama anavyokuja, akaimeza yote, akasema tu, "Shikamoo."

Njiani Mama alitulia, akamwita shemeji ambaye sasa aliweza kupumua. Ujumbe wa kwanza ulikuwa asante, na niliufurahia. Wa pili ulikuwa bei ya waksi. Wa tatu ulikuwa bei ya kile kilichochanika, kwa maelezo kwamba kilichanikia upande wangu.

Video ilifika Kahama kabla sisi hatujafika Masoko. Jioni baba mkwe akapiga simu, sauti ya mkutano. Wazee walikuwa wamekaa, wametazama mara kadhaa, na swali lilikuwa kama kushika ncha ya kitambaa kilichomzunguka mama mkwe ni kumgusa au si kumgusa. Mmoja alishikilia kwamba ni kumgusa. Wengine wakasema kitambaa ni kitambaa, mkono ni mkono, na zaidi ya hapo kilikuwa bado hakijauzwa, kwa hiyo ni mali ya duka. Nikaachiwa kwa hilo.

Lakini kuna sehemu kwenye video, baada ya kile cha bei rahisi kuchanika, inasikika sauti ya mwanamume anacheka. Kwa hilo nimepigwa faini ya mbuzi. Nimekata rufaa. Anayecheka ni kijana mwongozaji, mimi mdomo wangu wakati ule ulikuwa umejaa tope, na shahidi wangu pekee ni nahodha, ambaye hadi leo hapokei simu zangu.