Laurence Olivier na kikundi kilichotangulia jengo

Watanzania tunaoishi London, tunapozungumzia maigizo, mara nyingi hulinganisha kumbi za huku na za nyumbani, kisha tukahitimisha kwamba tumeachwa nyuma kwa kukosa majengo. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo, na ushahidi wangu ni maisha ya Laurence Olivier, mwigizaji na mwongozaji wa Kiingereza.

Olivier alizaliwa Dorking mwaka 1907, mtoto wa kasisi, na akiwa na umri wa miaka arobaini alitunukiwa hadhi ya Sir. Filamu ya Hamlet, aliyoiongoza na kuiigiza mwenyewe mwaka 1948, ilimpatia Oscar ya mwigizaji bora wa kiume na yenyewe ikatwaa ile ya filamu bora. Mtu wa sifa hizo angeweza kuishi kwa sinema peke yake. Yeye, mwaka 1963, alianza kuongoza National Theatre, jumba la maigizo la taifa ambalo wakati huo halikuwa na jumba. Wazo la kulijenga lilikuwapo tangu 1848, Bunge lilipitisha sheria ya kuligharimia mwaka 1949 na jiwe la msingi likawekwa 1951, lakini ujenzi ulikuwa haujaanza.

Olivier hakungoja. Kikundi chake kiliigiza katika ukumbi mkongwe wa Old Vic, ofisi zikawa vibanda vya muda katika mtaa wa Aquinas, na ruzuku ya serikali ikasaidia kuwalipa waigizaji waliofanya kazi pamoja msimu baada ya msimu, miongoni mwao Maggie Smith na Derek Jacobi. Kijana Anthony Hopkins aliwekwa kuwa mwigizaji wa akiba wa Olivier mwenyewe, na mwaka 1967, mzee alipougua kidole tumbo, Hopkins alipanda jukwaani akaishika nafasi yake. Hivyo ndivyo ufundi unavyorithishwa, na hilo ndilo ninalolitamani kwetu kuliko marumaru na taa.

Sisemi kwamba huku ni peponi, kwani waigizaji wengi waliosomea kazi hiyo London huhudumia meza za mikahawa ili walipe kodi ya nyumba. Wala sisemi kwamba kwetu tulianza mikono mitupu: mwaka huohuo wa 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, kilitokana na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Tulikuwa na kikundi cha taifa, nasi tukakiacha kivunjike. Ninapomkumbuka mchekeshaji King Majuto wa Tanga, aliyefariki 2018, huumia kuwaza ni vijana wangapi wangekaa nyuma ya pazia lake usiku baada ya usiku wakijifunza, laiti pangekuwapo kikundi cha kudumu cha kuwalipa yeye na wao.

Jengo la London lilifunguliwa mwaka 1976, miaka mitatu baada ya Olivier kuacha uongozi, na katika ukumbi mkubwa wenye jina lake hakuigiza hata siku moja. Bagamoyo ina wahitimu leo, na Dar es Salaam ina kumbi za kukodi. Serikali itenge fungu la mishahara ya waigizaji ishirini kwa miaka mitano, tuanze na hao.