Afadhali ni Mkono wa Kushoto

Mama yangu mdogo alipopata kiharusi, karibu kila aliyekuja kumjulia hali alimfariji kwa maneno yaleyale: "Mshukuru Mungu, mama, afadhali ni mkono wa kushoto." Hata mhudumu wa mazoezi ya viungo katika kituo tulikompeleka alisema hivyo, akampa mpira wa kuminya na kuandika kwenye faili kwamba mkono wa kazi ni mzima. Tulirudi nyumbani tumefarijika. Faraja hiyo ilidumu mpaka jioni, alipotaka kujifunga khanga akashindwa, kisha akaketi na fungu la mchicha mapajani na kisu katika mkono wake mzima, na kwa muda mrefu hakuna jani hata moja lililokatika.

Tangu siku hiyo maneno yale ya pole yananikera. Yanachukulia kwamba mwanadamu ana fundi mmoja na saidia fundi mmoja, na kwamba fundi akibaki mzima kazi itaendelea, ingawa kwa kuchelewa kidogo. Ubongo haukuigawa mikono kwa namna hiyo.

Mtazame mtu anayejua kukata mchicha mkononi, bila kibao. Macho huvutwa na kisu kwa sababu ndicho kinachong'aa na kutoa sauti, lakini kisu hupita palepale, tena na tena, bila kubadili njia. Kinachoamua kama mboga itatoka nyembamba kama nyuzi au nene kama ya mtu aliyechoka ni ngumi ya kushoto, ambayo hulibana fungu bila kuliponda, hulisukuma mbele kidogo kidogo kwa kidole gumba, hutulia kisu kinapopita, kisha husukuma tena. Kwenye cherehani ya mkono jambo hili liko wazi zaidi, maana mkono wa kulia huzungusha gurudumu tu, na ni wa kushoto unaoongoza kitambaa chini ya sindano. Anayeshona kola vizuri anaishona kwa kushoto. (Wenye kutumia kushoto waigeuze picha hii, hoja ni ileile.)

Mtafiti Mfaransa Yves Guiard aliliweka wazo hili katika nadharia mwaka 1987. Alieleza kwamba mikono miwili hufanya kazi kama viungo vya mnyororo mmoja: mkono usio wa kuandikia hutangulia, hushika kitu na kukiweka mahali pake, na mwenzake hufuata na kufanya kazi yake ndogondogo ndani ya mahali hapo palipokwisha kuandaliwa. Mfano wake maarufu ni uandishi. Tunadhani kalamu ndiyo inayotembea ukurasa mzima, kumbe mkono wa pili huisogeza karatasi mara kwa mara, kiasi kwamba maandishi ya ukurasa mzima, yakinakiliwa kwenye meza iliyo chini yake, huonekana yamebanana katika eneo dogo. Kwa hiyo mkono wa kulia haujui kufanya kazi hewani. Umezoea kufanya kazi juu ya kile ambacho wa kushoto umekishika, na ukiondolewa mwenzake haubaki na nusu ya kazi, bali unabaki bila mahali pa kuifanyia.

Ugumu wenyewe uko ndani ya kichwa. Takriban asilimia 90 ya nyuzi za neva zinazoamuru mwendo wa mikono huvuka upande chini kabisa ya ubongo, kabla ya kuingia katika uti wa mgongo, na ndiyo maana nusu ya kulia ya ubongo huendesha mkono wa kushoto na ya kushoto huendesha wa kulia. Nusu hizo mbili huunganishwa na daraja nene la nyuzi za neva, kopasi kalosamu, lenye nyuzi zipatazo milioni 200. Mtu angedhani daraja hilo lipo ili kuifundisha mikono kushirikiana. Kwa sehemu ndivyo, lakini pia hupitisha kishawishi cha kuigana.

Kishawishi hicho unaweza kukiona sasa hivi. Weka mikono yote juu ya meza, nyoosha vidole vya shahada, uvichezeshe vyote kulia, vyote kushoto, kama waipa za gari. Ongeza kasi polepole. Ukifika mahali fulani vidole vitaasi vyenyewe na kuanza kukutana katikati na kuachana, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Mwanasayansi Scott Kelso alieleza jaribio hili mwaka 1984, na jambo la kuvutia ni kwamba mgeuko huenda upande mmoja tu: ukianza na mwendo wa kioo, kuongeza kasi hakukuhamishi kwenda ule wa waipa.

Mwaka huohuo Cobie Brinkman alichapisha matokeo yake kuhusu nyani. Nyani mzima akikuta chakula kimekwama katika tundu la ubao, hukisukuma kwa kidole kutoka juu na kukinga kiganja cha pili chini. Walioumizwa eneo dogo la mwendo lililo katikati, upande mmoja wa ubongo, walisukuma kwa mikono yote miwili, huku na huku, na hakuna mkono uliokinga. Daraja la nyuzi lilipokatwa baadaye, tatizo likaondoka. Mimi naona hapo ndipo siri ilipo: mikono kufanana ni rahisi, na kazi kubwa ya ubongo ni kuizuia isifanane, ili mmoja usukume na mwingine ukinge. Methali ya mkono mmoja kutochinja ng'ombe tumezoea kuitumia kuhimiza umoja wa watu, tukasahau kwamba inaanza na mikono yenyewe.

Sisemi mpira wa kuminya hauna faida. Najua pia kwamba ipo tiba inayofunga mkono mzima makusudi ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, nayo imewasaidia wengi. Ninachopinga ni kuupima kila mkono peke yake, kuandika alama mbili kwenye faili na kudhani kwamba mtu ni jumla ya alama hizo. Mtu anayehudumia wagonjwa wa kiharusi kwetu angeweza kuanza na leso ya khanga na fungu la mboga, vitu visivyogharimu kitu, na angejua ndani ya dakika tano ni nini hasa kilichopotea.

Mama mdogo alibuni njia zake. Pindo la khanga hulibana kwa kiwiko cha kushoto, akavuta upande wa pili kwa kulia na kuupachika. Mchicha huulaza juu ya kibao na kuukandamiza kwa kifundo cha mkono ule usiofumba, na kila baada ya mikato miwili mitatu huweka kisu chini ili alisogeze fungu kwa mkono wa kulia. Sufuria moja humchukua karibu saa nzima. Vipande bado ni vinene, na akisikia mtu anavisema huuliza ni nani aliyemwambia kwamba kushoto si kitu.