Ada ya Bima ya Afya ya Nyongeza: Je, Mzee na Kijana Walipe Sawa?

Bima ya afya ya nyongeza hukatwa juu ya bima nyingine. Anayeikata tayari ana bima ya msingi, ambayo mara nyingi ni ya serikali au ni ya lazima kwa mujibu wa sheria, na anachonunua ni ulinzi dhidi ya gharama ambazo bima hiyo ya msingi imemwachia azibebe mwenyewe. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua kwa nini ada yake ni kubwa au ndogo hana budi kuanza kutazama mbali kidogo na kampuni iliyomuuzia, kwani sehemu kubwa ya jibu huwa imekwisha kuandikwa katika sheria kabla kampuni haijapiga hesabu yoyote.

Tuchukue mifano miwili. Nchini Marekani, mpango wa Medicare uliotungiwa sheria mwaka 1965 kwa ajili ya wazee hulipa, katika sehemu yake ya B inayohusu madaktari na matibabu yasiyo ya kulazwa, asilimia 80 ya gharama inayokubalika baada ya mgonjwa kutoa kiasi cha kwanza cha mwaka. Asilimia 20 inayobaki haina kikomo katika mpango wa asili, kwa hiyo mwaka mmoja wa matibabu ya saratani unaweza kumaliza akiba ya maisha yote. Nchini Ufaransa, hifadhi ya jamii hurudisha asilimia 70 ya bei rasmi ya kumwona daktari, lakini wenye magonjwa mazito ya muda mrefu yaliyomo kwenye orodha maalumu hulipiwa matibabu ya magonjwa hayo kwa asilimia 100 ya bei hiyo. Ukitazama juu juu, asilimia 30 ni pengo kubwa kuliko asilimia 20. Kwa kampuni ya bima, hata hivyo, hatari ya Marekani ndiyo ya kutisha, kwa sababu inamwangukia yule yule aliye mgonjwa sana, ilhali ya Ufaransa imegawanyika katika madai madogo madogo ya watu wengi.

Pengo likibadilishwa, ada hubadilika hata kama hakuna aliyeugua zaidi ya mwaka uliopita. Mnamo Oktoba 2023 Ufaransa ilipandisha sehemu inayoachiwa mgonjwa katika huduma za meno kutoka asilimia 30 hadi 40. Mzigo haukupungua hata kidogo. Ulihamishwa tu kutoka mfuko wa umma kwenda kwenye bima za nyongeza, na kutoka huko ukaelekea kwenye ada za wanachama. Serikali inayojisifu kwamba imepunguza matumizi ya mfuko wake kwa njia hii inasema kweli nusu.

Baada ya pengo huja umri, na hapa ndipo penye mvutano wenyewe. Mambo mengine nitayapita haraka: mahali mtu anapoishi huathiri ada kwa sababu bei za hospitali hutofautiana, uvutaji wa sigara huongeza ada pale sheria inaporuhusu kuuliza, na jinsia ilikoma kuwa kigezo katika Umoja wa Ulaya tangu tarehe 21 Desemba 2012, kufuatia hukumu ya mahakama ya umoja huo ya mwaka 2011. Umri ni tofauti, kwa sababu hakuna anayeukwepa, na kwa sababu namna ya kuuhesabu inaweza kufanya mikataba miwili yenye mafao yale yale ionekane kama bidhaa mbili zisizohusiana.

Soko la Marekani la bima za kuziba mapengo ya Medicare, zinazojulikana kama Medigap, linaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Tangu mwaka 1992, kufuatia sheria ya mwaka 1990, mafao yake yamesanifiwa katika vifurushi vinavyotambulishwa kwa herufi, hivi kwamba katika majimbo karibu yote kifurushi G cha kampuni moja kina mafao ya msingi sawasawa na kifurushi G cha kampuni nyingine. Hata hivyo, ada zake hutofautiana sana, mara nyingine katika mtaa mmoja na kwa watu wa umri mmoja. Kama bidhaa ni ile ile, tofauti inatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa inatoka kwenye kanuni ya umri. Kampuni inaweza kuwatoza wanachama wote ada moja bila kujali umri wao. Inaweza pia kuangalia umri ambao mtu alijiunga nao na kuufanya ndio msingi wa ada yake daima. Au inaweza kupandisha ada kadiri mwanachama anavyozeeka. Katika njia zote tatu ada hupanda pia kwa sababu ya kupanda kwa gharama za matibabu, lakini katika ile ya tatu kuna kupanda kwa aina mbili kwa pamoja.

Matokeo yake ni kwamba mkataba unaoonekana nafuu kuliko yote mtu anapotimiza miaka 65 unaweza kuwa ndio ghali kuliko yote atakapofika 80, wakati ambapo hali yake ya afya inaweza kumfungia mlango wa kuhama. Kwa maoni yangu, ada ya mwaka wa kwanza ndiyo tarakimu inayotangazwa zaidi na inayoeleza machache zaidi.

Je, ni haki kijana na mzee, au mzima na mgonjwa, walipe sawa? Wanaokataa wana hoja nzito. Bima ya nyongeza ni ya hiari. Ukimtoza kijana mwenye afya ada inayozidi sana gharama anazotarajiwa kuleta, hatabishana nawe, ataondoka tu. Akiondoka, wastani wa gharama za waliobaki hupanda, ada hupanda nayo, wenye afya nafuu zaidi miongoni mwao nao huondoka, na mzunguko huendelea hadi wanabaki wagonjwa peke yao kwenye mkataba ambao hakuna anayeumudu. Bima ya lazima haina tatizo hili kwa kuwa haina mlango wa kutokea. Sheria ya Uholanzi ya mwaka 2006 imeikubali mantiki hiyo waziwazi: katika bima ya msingi, kampuni inalazimika kumpokea kila mtu na kumtoza ada sawa kwa mkataba ule ule, lakini katika ya nyongeza ina uhuru wa kuuliza maswali ya afya na hata kumkataa mwombaji. Uswisi nayo inafuata mgawanyo wa namna hiyo. Zaidi ya hapo, si kweli kwamba kila mzee ni maskini na kila kijana anajiweza. Kumtwisha mfanyakazi wa kipato cha chini gharama za mstaafu tajiri si mshikamano ambao ningeutetea.

Wanaounga mkono ada sawa hujibu kwa huruma, na huruma ina nafasi yake, lakini hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya kiuchumi, nayo husikika mara chache. Bima inayopima hatari ya kila mtu kila mwaka inamkinga na gharama za ugonjwa wa mwaka huo tu. Haimkingi na hatari kubwa zaidi, ambayo ni kugeuka kuwa mtu anayejulikana kuwa mgonjwa. Aliyegunduliwa na kisukari mwezi Machi atalipiwa hadi Desemba, kisha Januari atakutana na ada mpya inayolingana na ugonjwa wake, au na barua ya kukataliwa. Kile alichodhani amekinunua, yaani utulivu wa kutoogopa kuugua, hakikuwamo ndani ya mkataba. Aidha, kijana anayelalamika kwamba anawabeba wazee ni mzee mtarajiwa; tukiitazama ada sawa katika maisha yote badala ya mwaka mmoja, sehemu kubwa ya anachotoa ni akiba ambayo ataidai mwenyewe.

Udhaifu wa jibu hili ni kwamba linamtaka kijana aamini kuwa mkataba, kampuni na sheria vitakuwapo miaka 40 ijayo. Ndiyo sababu naona mjadala wa ada sawa au ada tofauti umewekwa mahali pasipofaa. Kinachoamua kama mfumo utadumu ni kanuni ya lini mtu anaingia na anayechelewa hufanywa nini.

Marekani imechagua adhabu kali. Mtu hupewa miezi sita ya kujiunga, inayoanza anapokuwa na umri wa miaka 65 na amejiandikisha katika sehemu ya B, na ndani ya muda huo hakuna kampuni ya Medigap inayoweza kumkataa au kumwongezea ada kwa sababu ya afya yake. Muda huo ukipita, katika majimbo mengi kampuni huruhusiwa kupima afya yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Majimbo machache, yakiwamo New York na Connecticut, yameuacha mlango wazi wakati wote, na gharama ya uamuzi huo huonekana kwenye ada za wote. Australia imechukua njia ya katikati: ada za bima binafsi za hospitali hazifuati hali ya afya ya mtu, lakini tangu Julai 2000 anayechelewa kujiunga huongezewa asilimia 2 kwa kila mwaka unaozidi umri wa miaka 30, hadi kikomo cha asilimia 70, na nyongeza hiyo huondolewa baada ya miaka 10 mfululizo ya kuwa na bima. Aliyejiunga na miaka 40 hulipa asilimia 20 zaidi. Mtu anajua bei ya kuchelewa kwake, anaweza kuihesabu, na haidumu milele.

Naipendelea njia hii ya Australia, ingawa si kamilifu. Inamwadhibu kwa kiasi kile kile aliyechelewa kwa kukosa fedha na aliyechelewa kwa hesabu ya ujanja. Lakini kosa la kuchelewa lina gharama inayorekebishika, tofauti na mlango unaofungwa moja kwa moja kwa mtu ambaye pengine hakuelewa barua aliyoletewa akiwa na miaka 65.

Bima za makundi ya wafanyakazi hukwepa sehemu kubwa ya tatizo hili, kwa kuwa watu huingia humo kwa sababu ya ajira na si kwa sababu wanaumwa. Tangu Januari 2016 waajiri wa sekta binafsi nchini Ufaransa wanatakiwa kuwapa wafanyakazi wao bima ya nyongeza na kulipia angalau nusu yake. Ada huwa nafuu, na haishangazi, kwani kundi la wafanyakazi huwa na vijana na wazima wengi. Ugumu huja siku ya kustaafu. Mstaafu ana haki ya kubaki na mafao yale yale, na kanuni huzuia ada yake kuzidi ile ya walio kazini katika mwaka wa kwanza, kuizidi kwa zaidi ya asilimia 25 katika wa pili, na asilimia 50 katika wa tatu. Hata hivyo, ada inayozungumzwa ni ada nzima, pamoja na ile nusu iliyokuwa ikilipwa na mwajiri, kwa hiyo anaweza kujikuta akilipa mara mbili tangu mwezi wa kwanza, bila kampuni kupandisha chochote.

Kuna pia sehemu ya ada ambayo haigusi matibabu kabisa. Kwa Medigap, sheria inataka angalau asilimia 65 ya ada za mikataba ya mtu mmoja mmoja, na asilimia 75 kwa ya makundi, zirudi kwa wanachama kama mafao. Kinachobaki hugharamia uendeshaji, kamisheni za mawakala, matangazo na faida. Kampuni husema, na si bila ukweli, kwamba kuuza mkataba mmoja mmoja na kushughulikia madai madogo mengi ni kazi ghali. Bado, mnunuzi ana haki ya kuuliza kwa nini theluthi ya fedha yake inaweza kuishia njiani.

Kama ningeombwa kupendekeza kanuni moja, ingekuwa kwamba kila ofa ionyeshe, pembeni ya ada ya mwaka wa kwanza, ada ambayo mwanachama wa miaka 75 na wa miaka 85 anatozwa leo hii kwa mkataba ule ule. Kampuni zitapinga kwamba haziwezi kutabiri bei za hospitali za miaka 20 ijayo. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama tungekuwa tunaomba utabiri. Tunachoomba ni ada za leo, ambazo tayari zimo kwenye majedwali yao.