Daktari wa Kuku

Mtu wa Tanga akihamia Dodoma anabadilisha adui. Kwetu kamera inauawa na unyevu. Ukiisahau lenzi kabatini masika moja tu, unaikuta imeota ukungu ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na fundi anakutazama kama mgonjwa aliyepitia kwanza kwa mganga. Nilipohamia huku nikajua nimepona. Hewa kavu, mvua zinaingia Desemba na kufika Mei zimeshaaga. Vumbi hakuna aliyeniambia.

Vumbi la Dodoma ni mkazi kamili, nadhani lina hata kitambulisho cha taifa. Kwenye harusi yangu ya kwanza huku nilibadilisha lenzi nje, upepo wa Agosti ukivuma, nikapiga picha za ukoo juani, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata baba wa bibi harusi akaniita.

"Kijana, huyu tai ni wa nani?"

Nikatazama. Juu ya kichwa cha shangazi, katikati ya anga safi, pana doa jeusi. Nikamwambia, baba, huyo ni ndege tu. Akafunua picha ya pili. Tai yupo. Ya tatu, yupo. Picha 14, tai yuleyule, palepale, hajapiga hata bawa moja.

"Amefia hukohuko hewani?"

Ilikuwa punje ya vumbi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Ukipiga tundu la lenzi likiwa wazi, punje hizo zinajificha. Ukilibana hadi f/16, kama nilivyofanya mimi ili wajomba wa nyuma nao waonekane, kila moja inasimama kutoa ushahidi. Nikarudisha nusu ya pesa, nikaapa kutafuta begi la maana.

Dukani nikaonyeshwa begi la mgongoni, zuri kweli: vyumba vya sponji vya kubandua na kubandika, zipu nene, na koti lake la mvua. Laki na themanini. Bei iliniuma, lakini kilichonikimbiza ni jina la kampuni ya kamera lililoandikwa mgongoni kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Ukishuka na kitu hicho stendi ya Nanenane saa tano usiku, umewapelekea vibaka kadi ya mwaliko. Nikajaribu begi la shule la binti yangu, kila lenzi nikaiviringisha kwenye khanga ya mama yake. Lenzi zikatoka na nyuzi, khanga zikatoka na harufu ya mafuta ya bodaboda, na mimi nikalala sebuleni.

Ndipo nikaliona deli, soko la Sabasaba, kwenye mitumba. La bluu, mfuniko mweupe, mkanda wa kuning'iniza begani, na pembeni mwa mfuniko mpira unaobana mpaka ukifungua linatoa pumzi. Muuzaji akaniapia kuwa barafu ya asubuhi unaikuta jioni. Mimi barafu ya nini? Nilichoona ni kwamba hapa vumbi haliingii, na kibaka akiliona atadhani nauza aiskrimu. Alitaka 25,000, tukamalizana kwa 15,000.

Sponji nikaikata kwenye godoro la wageni. Niliichora kwa kalamu kwanza: hapa kamera, hapa lenzi ya 50, hapa ya 70-200, ambayo ni nene kama chupa ya chai na ina kilo moja na nusu. Pembeni vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya, maana mazoea ya Tanga hayaishi. Na kwenye kona, kipulizio cha mpira cha kufukuzia vumbi na kichupa cha matone cha dawa ya kusafishia vioo. Mke wangu akalitazama godoro lililobaki na mashimo yake.

"Wanasema hapa tembo alizama ndiyo pakaitwa Dodoma," akasema. "Sasa atazama mama yangu."

Jumamosi hiyo nilikuwa na harusi kijiji kimoja upande wa Mvumi. Nikapanda bodaboda, deli mapajani, tumetafuna vumbi mpaka dereva akawa na nyusi za mzee. Tulipoingia kijijini watoto walikuwa wanacheza chini ya mbuyu. Wa kwanza akaniona, akaliona deli, akapiga yowe: "Sindanooo!" Chini ya mbuyu pakabaki kandambili tatu.

Mama mmoja akatoka na kadi ya kliniki mkononi na mtoto mgongoni, akaniuliza tunapanga foleni wapi. Huyo tukaelewana haraka. Kazi ilikuwa kwa bibi yake bibi harusi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Si harusi saa nane, Bibi?"

"Harusi ipo. Kuku wangu watatu wamekufa."

Nikaona dawa ni kumwonyesha. Nikafungua deli, likatoa pumzi yake, pffff, na Bibi akainama. Hakuona kamera. Hakuona lenzi ya milioni na ushee. Aliona kichupa cha matone.

"Si hiyo hapo?"

"Bibi, hii ni ya kusafishia lenzi. Ni kama jicho la kamera."

"Na mimi nimesema wapi? Ni jichoni."

Kwa asiyefuga kuku nieleze: chanjo ya kideri ni tone moja kwenye jicho moja, na inarudiwa kila miezi mitatu. Anayechanja hupita nyumba kwa nyumba, na mara nyingi ana deli begani. Kwa 15,000 zangu nilikuwa nimejinunulia sare ya kazi.

Nikamwendea bibi harusi anisaidie. Akaniambia, huku anapakwa wanja, kwamba Bibi asipokuwemo kwenye picha ya ukoo hakuna picha ya ukoo. Na Bibi ameshasema haondoki bandani. Nyuma yangu wajukuu walikuwa wametoka mafichoni, maana habari imeenea kwamba wanaochomwa ni kuku, na kila mmoja ana wawili kwapani. Nikahesabu: kuku 23. MC ananiita kwenye spika. Jua linashuka.

Dawa ya vioo siwezi kumtia kiumbe wa Mungu machoni. Nikachukua kipulizio.

Wa kwanza alikuwa jogoo mwekundu. Nikamsogezea jichoni: fyuu! Akafumba, akafumbua, akatikisa upanga wake, akanitazama kama nimemtukana baba yake mbele ya wakwe.

"Hii mpya?" Bibi akauliza.

"Ya upepo, Bibi."

Mdomo wangu ulisema hivyo, mimi sikuwemo. Fyuu mara 23. Jirani akaja na bata, nikamwambia bata bado hawajaingizwa kwenye mpango. Kisha Bibi akanawa, akajifunga kitenge kipya, akaja kukaa katikati ya ukoo na jogoo wake mapajani. Picha ile haina doa hata moja, na jogoo ndiye pekee aliyekodoa macho kwenye kamera.

Lakini usiku sikulala. Kideri kikiingia bandani hakisubiri, siku chache tu unabaki na manyoya. Jumatatu nikamtafuta bwana mifugo ninayemfahamu, nikamweleza yote, alipomaliza kucheka nikamlipia akawachanje kuku wote wa Bibi. Alhamisi saa nne asubuhi akanipigia.

"Kaka, mzee amekataa."

"Amekataaje?"

"Anasema tone ni mambo ya kizamani, kuku wake wameshapata ya upepo. Halafu ananiuliza mimi daktari gani sina deli."

Na kweli hakuwa nalo. Chanjo ya siku hizi ya kideri inavumilia joto kidogo, akawa ameifunga kwenye kitambaa kibichi ndani ya kikapu, kama mtu anayetoka sokoni na dagaa.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naomba uniazime deli lako. Na kama una nafasi, uje nalo mwenyewe. Mimi hanifungulii banda."

Nikalibeba deli mpaka sebuleni, nikaanza kuchomoa lenzi mojamoja na kuzipanga kwenye khanga. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na hiyo sponji irudishe ilipotoka," akasema. "Mama anaingia kesho na treni."