Skopje: Nani aliomba zege livishwe koti?

Saa kubwa ya stesheni ya zamani ya Skopje imesimama saa 11:17 alfajiri tangu tarehe 26 Julai 1963. Tetemeko la alfajiri ile liliua watu zaidi ya 1,000 na kuwaacha wengine zaidi ya 150,000 bila makazi, na hapo mji ulikuwa haujapona mafuriko ya Mto Vardar ya Novemba 1962. Ndilo bonde lenyewe: Mlima Vodno upande wa kusini, mto katikati, na ardhi isiyotulia chini ya yote.

Naanza na saa kwa sababu kila anayeandika juu ya mji mkuu wa Masedonia Kaskazini siku hizi huanza na sanamu. Sanamu zinachekesha, sikatai. Kuna mpanda farasi wa shaba aliyefinyangwa Italia na kusimikwa katika uwanja mkuu wa mji mwaka 2011, anayeitwa rasmi “Mpiganaji juu ya Farasi” ingawa kila mtu anajua ni Aleksanda Mkuu. Kuna hata meli zilizojengwa juu ya misingi ya zege ndani ya Vardar, meli zisizokwenda popote. Ila tumecheka mno, tukasahau kuuliza mapambo yale yalikuja kuficha nini.

Yalikuja kuficha zege. Baada ya tetemeko, Umoja wa Mataifa ulisimamia upangaji wa mji, na mwaka 1965 mpango wa msanifu majengo Mjapani Kenzo Tange ndio ulioshika nafasi ya kwanza kwa eneo la kati. Wakati dunia ilikuwa imegawanyika kambi mbili, madaktari wa jeshi la Marekani na wahandisi wa jeshi la Kisovieti walifanya kazi katika mji mmoja. Poland ilitoa mchoro wa Jumba la Sanaa za Kisasa, na mchoraji Picasso akatoa picha yake iwekwe humo. Mpango wa Tange haukutimia wote. Hata hivyo ghorofa za “Ukuta wa Mji” zimesimama, na stesheni mpya iko juu ya nguzo, treni zinapita juu ya vichwa vya watu. Leo mgeni huona kuta za kijivu zenye madoa ya mvua na kusema ni ubaya wa kikomunisti. Kwangu mimi, ule ndio mchango wa rambirambi wa dunia nzima, umekaa pale kwa umbo la jengo.

Waliokuja na “Skopje 2014”, mradi wa serikali ulioleta sanamu na mapambo yale, uliotangazwa mwaka 2010, nao wana hoja, na ni vizuri isikilizwe. Kabla ya tetemeko uwanja ule ulikuwa na Jumba la Maofisa, na ng'ambo ya mto ulikuwapo ukumbi wa zamani wa Tamthilia ya Taifa. Ukumbi huo umejengwa upya kwa sura yake ya awali, na mzee aliyeukumbuka hawezi kuambiwa anadanganywa. Halafu Ugiriki ilikuwa imewazuia kuingia NATO mwaka 2008 kwa sababu ya jina “Masedonia” tu. Taifa likinyimwa jina, haishangazi likitafuta mababu wa shaba.

Ila gharama iliyotajwa mwanzoni ilikuwa euro milioni 80 hivi, na waandishi wa habari walipojumlisha mikataba walipita milioni 600. Waalbania, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi, hawakujiona sana katika msafara ule wa mashujaa.

Kinachonisumbua zaidi ni kura ya maoni ya Aprili 2015. Wakazi wa manispaa ya Centar waliulizwa kama GTC, jengo la maduka la mwaka 1973, libaki lilivyo au livishwe nguzo na mapambo ya kale. GTC halina mlango mkuu: unatoka uwanjani, unakatiza chini ya baraza zake, unaibukia mtoni. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walisema lisiguswe. Lakini waliojitokeza hawakufika nusu, kwa hiyo kura ikahesabika kama haikufanyika. Unaweza kusema waliobaki nyumbani hawakujali, na sheria ni sheria. Mimi nauliza, ni mradi gani mwingine wa Skopje 2014 uliopelekwa kwa wananchi hata wakapata nafasi ya kutojali?

Mwaka 2016 waandamanaji waliyarushia rangi majengo meupe ya mradi huo, na mwaka 2018 serikali mpya ikausimamisha mradi. GTC ilibaki bila koti. Jengo la serikali, lililobuniwa na Petar Muličkovski, halikuwa na bahati hiyo: limefunikwa ukuta mweupe wenye nguzo za mapambo, na zege lake liko ndani bado. Ningeulizwa mimi, ukumbi wa tamthilia ungebaki, na nyundo ya kwanza ingeanzia kwenye nguzo zile.