Sarafu za kauri za Japani hazikuwa upuuzi

Picha za sarafu za kauri za Japani zikizunguka mtandaoni, maoni huwa ni yale yale: nchi iliyofikia kufinyanga pesa ilikuwa imekwisha. Wasemao hivyo wana hoja. Kuanzia mwaka 1938 shaba ilianza kuondolewa kwenye chenji kwa sababu ya vita, ikaja alumini. Alumini ikatakiwa na viwanda vya ndege, ikaja bati mwaka 1944. Bati nalo likaadimika meli zilipozidi kuzamishwa njiani kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia. Ndipo mwaka 1945 kazi ikapelekwa kwenye tanuri za miji ya ufinyanzi ya Seto, Arita na Kyoto.

Kwamba Japani ilikuwa hoi, sibishi. Ninachokataa ni kuigeuza sarafu yenyewe kuwa kichekesho. Itazame ile ya sen 1, yaani sehemu ya mia ya yen: kiduara cha milimita 15, hata gramu moja hakifiki, rangi ya kahawia yenye wekundu, na mlima Fuji umechomoza upande mmoja. Kitu kidogo kiasi hicho hakivunjiki kama kikombe. Ujerumani ilishatangulia: mwaka 1921 jimbo la Saxony lilitoa sarafu za kauri kutoka kiwanda cha Meissen. Na sisi tunaoita kwa neno hilo hilo kauri ya baharini, iliyowahi kuwa pesa, tuna sababu gani ya kushangaa?

Hoja inayonipa shida ni ya kughushi. Katika nchi yenye mafundi wengi wa udongo, nani angemzuia mwenye tanuri lake? Ila sen 1 ilikuwa imeshuka thamani mno; kuni zingemgharimu zaidi ya faida.

Kinachoniuma ni hatima yake. Sarafu za bati zingeweza kuyeyushwa zikawa kitu kingine. Hizi zilichomwa tanurini kwa mamilioni, vita vikaisha Agosti kabla hazijaingia sokoni, nyingi zikapondwapondwa. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba zaidi ya 500,000 zimepatikana katika ghala mjini Kyoto, ndani ya masanduku ya mbao. Nusu milioni! Karibu miaka 80 bila kutu, na hakuna hata moja iliyowahi kununua kiberiti. Wanaosema raia wangezikataa, na mimi ninayesema wangezizoea, sote tunabishana juu ya pesa ambayo muuza duka hakupewa nafasi ya kuipokea.