Chapti Moja ya Mvuje

Mama mkwe wangu akija Dar hulala kwetu siku nne, na zote nne huwa nazihesabu. Si kwa ubaya. Ni mama wa watu, mtu wa Tanga, kakulia kwenye nyumba ambayo mgeni hapokelewi kwa mkate wa dukani. Sasa mara ya mwisho alipokuja mke wangu alikuwa kazini, nikamwandalia mimi: chai ya rangi na slesi nne zilizopakwa siagi. Akala, akashukuru, akaniombea dua. Nusu saa baadaye nikamsikia chumbani anaongea na dada yake kwenye simu: "Nimefika salama. Nimenyweshwa chai kama mgonjwa wa wodini."

Safari hii nikaapa.

Tunakaa Upanga, ghorofa ya tatu. Chini yetu anakaa bibi mmoja wa Kigujarati ambaye jengo zima linamwita Ba. Kazaliwa hapahapa Dar, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi wa kutoka bara. Ila akiingia jikoni tu, ulimi unarudi kwa wazee wake. Kuhesabu ni Kigujarati, kupima ni Kigujarati, hata sufuria ikimuunguza analalamika Kigujarati.

Ba ndiye hutuletea thepla. Kama hujawahi kuila, ni chapati nyembamba ya manjano yenye madoa ya kijani ya majani ya uwatu, ambayo wao wanayaita methi. Haina tabaka kama chapati zetu za kukunja. Unasukuma mara moja, unachoma kwa mafuta kidogo, basi. Inakaa siku kadhaa bila kuharibika, ndiyo maana Mgujarati akisafiri mbali huikosi kwenye mkoba wake. Nikasema hiyohiyo. Mama mkwe ashuke Mbezi kwenye basi, akifika nyumbani akute thepla ishirini, za moto, na chai ya maziwa.

Nikamshukia Ba na kalamu.

"Andika, dikra," akasema, maana mimi kwake ni mwanawe. "Atta vikombe vitatu. Unga wa dengu nusu kikombe. Methi mafungu mawili, chambua majani tu. Mtindi, mafuta, manjano, pilipili ya unga, ufuta, ajwain, chumvi. Na hing, ek chapti."

"Chapati moja?"

"Ek chapti. Bas." Akabana kidole gumba na cha shahada kunionyesha kiasi chenyewe.

Nikaandika: *Hing, kiasi cha kubana vidole, kwa chapati moja.*

Sasa nihurumie. Mimi hesabu sikuwahi kufeli. Kama chapati moja inataka mbano mmoja, chapati ishirini zinataka mibano ishirini. Hata mtoto wa darasa la pili angekubaliana nami.

Asubuhi nikaenda soko la Kisutu. Methi nikapata, mbichi kabisa, na umande wake. Hing ikawa shida. Vikopo vya unga wake vilikuwa vimeisha kwenye duka nililozoea. Kijana wa pale akanitoa wasiwasi: "Hing si ndiyo mvuje, bro."

Mvuje! Mvuje tunao nyumbani. Tena mzuri, wa bonge. Aliuleta mama mkwe mwenyewe mtoto wetu alipotimiza siku arobaini, umefungwa kwenye kitambaa cheusi, avalishwe mkononi vijicho na mashetani wapite mbali. Mke wangu hakuiweza ile harufu. Akautia kwenye kopo la maziwa ya mtoto, kopo akalitia kwenye jingine, na yote mawili akayapandisha juu ya kabati, mahali ambapo hata vumbi halipendi kwenda.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba ile hing ya kopo imechanganywa unga na gundi ili ipoe makali. Ba anatia kidogo tu kwa sababu hali kitunguu maji wala saumu, ni mambo ya imani yake, na chembe ile ikikutana na moto huleta ladha ya karibu na hivyo. Bonge la juu ya kabati halikuwa limechanganywa na kitu chochote. Lilikuwa utomvu mtupu. Wajerumani wanauita Teufelsdreck, yaani mavi ya shetani. Hilo nililisoma siku mbili baadaye, elimu ikiwa haina kazi tena.

Nikalifungua. Fikiria kitunguu saumu kilichosahaulika ndani ya kiatu cha mpira wa miguu, msimu wa masika. Nikajiambia, aa, viungo vyote vina harufu kali vikiwa vibichi. Nikaliponda kwenye kinu kidogo cha saumu (kinu hicho hatunacho tena), nikaanza kubana na kuhesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na mbili macho yakaanza kutoa machozi. Kumi na sita nikafungua dirisha. Ishirini nikapiga na moja ya nyongeza, kwa heshima ya mgeni.

Unga wenyewe ulinitesa kidogo kwa sababu methi ikishakutana na chumvi inatoa maji, na mimi maji nilikuwa nimeshatia. Nikaongeza unga, ukakubali. Kusukuma duara siwezi, kwa hiyo kila moja niliikata kwa mfuniko wa sufuria nikafuta ushahidi. Ukiziangalia kwa mbali, zilikuwa thepla hasa.

Kisha nikawasha moto.

Harufu ya mwanzo ilikuwa imekaa chini, kama mtu aliyejiinamia. Kwenye chuma cha chapati ilisimama. Ilitoka dirishani, ikapita chini ya mlango, ikashika ngazi. Nilikuwa nageuza ya kumi na saba mlango ulipoanza kupigwa kama wa fumanizi.

"Jirani! Zima moto! Gesi inavuja!"

"Hakuna kinachovuja," nikajibu. "Ni mvuje."

"Tuvuje?"

"Mvuje! Mvuje!"

"Tuvuje nini, wewe? Fungua!"

Nikafungua. Alikuwa baba wa ghorofa ya nne, kaushika mdomo kwa taulo, na nyuma yake mlinzi wa jengo. Sikuwalaumu. Gesi yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia imetiwa makusudi ili tushtuke, na ni ya ukoo mmoja na mvuje, mambo ya salfa. Lakini jaribu kumweleza mlinzi habari za salfa. Aliingia, akafunga mtungi, akaubeba begani, akashuka nao ngazi zote mpaka chini ya mkungu uani. Nikabaki na donge tatu mbichi na hadhira. Ngazi zilikuwa zimejaa watu.

Na katikati ya watu wale, akipanda taratibu kashika ukingo wa ngazi, mama mkwe wangu. Mke wangu nyuma na begi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alisimama ngazi mbili kabla ya mlango, akanusa. Akanusa tena, safari hii kafumba macho. Akavuta mtandio mpaka puani.

"Bismillahi. Huu mvuje?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Nani ana shetani humu ndani?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna." Akawatazama majirani mmoja mmoja, kisha akanirudia mimi. "Mjukuu wangu mzima, mwanangu mzima, wewe mzima. Nyumba imefukizwa siku ninayoingia mimi. Basi wa kufukuzwa nani, baba?"

Mke wangu akanitazama. Kuna macho ambayo mtu akikutazama nayo unakumbuka madeni yote.

Aliyeniokoa ni Ba. Alipanda na fimbo yake, akaingia jikoni bila hodi, akatazama karatasi yangu. Akaisoma mara mbili. Kisha akakaa juu ya kiti cha mtoto, kiti cha plastiki, akacheka mpaka miwani ikadondoka kwenye bakuli la unga.

"Chapti!" akasema akipata pumzi. "Chapti, dikra, si chapati! Chapti ni hivi," akabana vidole. "Hivi mara moja. Kwa unga wote!"

Ngazi nzima ikaelewa kabla yangu. Hata mama mkwe mtandio ulishuka, nikaona ncha ya mdomo inacheza. Nikadhani yamekwisha.

"Na mvuje wote huu mmeutoa wapi?" akauliza.

Kimya. Mke wangu akainua macho juu ya kabati, palipokuwa pana alama mbili za duara kwenye vumbi.

"Wa mjukuu wangu?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akaingia, akakaa, akataka sahani. Akamega kipande cha thepla, akatafuna polepole kama anayemeza dawa ya hospitali, akameza, akanyamaza muda mrefu.

"Chai ipo?"

"Gesi iko uani, mama."

"Hee," akasema. "Safari ile walau chai nilipata."

Ba akamshika mkono wakashuka wote ghorofa ya pili. Huko alikula thepla za watu, akanywa chai ya tangawizi, na siku zake zilizobaki alikuwa akija juu kulala tu. Sisi madirisha yalikaa wazi usiku na mchana, na mtoto, aliyekuwa akiamka saa tisa kulia kila usiku, alilala moja kwa moja mpaka alfajiri. Mama mkwe aliliona hilo. Hakusema kitu.

Wiki moja baada ya kurudi Tanga akanipigia mimi, si mwanawe.

"Baba, zile chapati zako, umezitupa?"

"Bado, mama. Ziko kwenye jokofu."

"Ngapi?"

"Kumi na sita."

"Usizitupe. Mtoto wa shangazi yako mdogo hapa halali usiku. Nitamtuma mtu wa basi azipitie, we zifunge vizuri tu, abiria wasije wakashuka njiani."